Kwani Taa Pia Husomewa?

Nikishuka matatu Karagita, Naivasha, na begi langu la nyaya, lazima mtu aniite fundi. Si jina baya. Fundi ana heshima yake, na huku mtaani hulipwa mapema kuliko mhadhiri. Kinachoniudhi ni yale yanayofuata salamu: soketi inayotoa harufu ya kuungua, friji ya mwenye kinyozi ambayo "inawaka lakini haigandishi", redio ya mzee mmoja iliyonyamaza tangu mvua ya radi. Nikieleza kwamba mimi si fundi wa stima, kwamba kazi yangu ni kubuni mwanga wa jukwaa na kuifundisha kazi hiyo chuo kikuu, watu hunitazama kwa huruma. Kisha huja swali, na ni lile lile kila mara: "Kwani taa pia husomewa?"

Husomewa, ndugu zangu. Mwaka 1932 mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani, Stanley McCandless, alitoa kitabu kizima kuhusu namna ya kuangaza jukwaa. Fundisho lake kubwa ni kwamba mwigizaji amulikwe na taa mbili kutoka juu mbele, moja kulia na moja kushoto, kila moja kwa pembe ya digrii 45, moja ya rangi ya joto na nyingine ya rangi ya baridi. Hapo uso unapata upande wa jua na upande wa kivuli, na pua inakuwa pua. Watu wa taaluma yangu wamekula kwa jasho la fundisho hilo karibu miaka mia. Nilimweleza hayo mwenye kinyozi. Alisikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu, akaniuliza kama basi friji ingekuwa tayari kufikia Ijumaa.

Shida ni kwamba hapa kwetu mwanga una hali mbili. Stima zimepotea, stima zimerudi, basi. Mimi riziki yangu iko katikati ya kupotea na kurudi, pale asilimia 30 panapotofautiana na asilimia 45, na hapo katikati ndipo pasipo na mtu anayetaka kunilipa.

Mwenye ploti yetu ni mama mkali mwenye moyo mwema, sifa mbili ambazo huachana siku ya kununua tokeni. Vyumba ni kumi na viwili, mita ni moja, na sheria zimeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye lango: hakuna koili, hakuna pasi, hakuna hita. Kuhusu taa za ukumbi wa maigizo, lango halikusema lolote. Kwa hiyo jioni moja nilipokuja na taa ya kukodisha, ile ya mkebe tunayoiita pa, iliyokuwa na waya uliolegea, niliitengeneza juu ya meza yangu ya kulia, nikaielekeza dirishani ili isinipofushe, nikaijaribu.

Ilifanya kazi vizuri kupita kiasi. Kamba ya nguo ya uani ilijichora yote kwenye ukuta wa upande wa pili, pamoja na soksi. Watoto wakatoka kucheza. Jogoo wa keateka, aliyekuwa amelala juu ya tangi, akaamka akawika saa tatu ya usiku. Kisha mlango wangu ukagongwa kwa ngumi.

"Mwalimu, fungua."

Nikafungua. Alikuwa amejifunga leso kiunoni, simu mkononi na tochi imewashwa, ingawa kwa wakati huo ploti nzima ilikuwa mchana.

"Hiyo ni nini?"

"Ni taa, mama."

"Taa ya nani?"

"Ya kazi."

"Ni ya wati ngapi?"

"Elfu moja, mama."

Akanyamaza. Midomo ikawa inacheza taratibu. Mama huyu hesabu ya tokeni haijawahi kumshinda. Balbu ya kila chumba ni wati tisa, kainunua yeye mwenyewe, na asiyeitaka anaambiwa akalale. Kwa hesabu hiyo, mkebe wangu mmoja ulikuwa unakula stima ya balbu zaidi ya mia moja na kumi, yuniti nzima kila saa, katika chumba ambacho ndani yake mna kitanda, meza na mtu mmoja.

"Mwalimu," akasema polepole, "unatafuta nini humo ndani?"

Tangu siku hiyo taa zangu hulala chini ya kitanda zikiwa zimefungwa blanketi, na kila mwisho wa mwezi namwongezea mama kitu kidogo cha tokeni hata kama sijawasha, kwa ajili ya amani. Kinachonichoma ni jiografia. Ukienda mbele kidogo kuelekea Hell's Gate unauona mvuke wa Olkaria ukipanda. Kule ndani ardhi imekuwa ikiichemshia nchi hii umeme tangu 1981, mtambo wa kwanza ulipoanza na megawati 15, na leo nyaya zinaubeba hadi Nairobi. Mimi nalala karibu na mvuke huo kuliko watu wote wa Kilimani wenye mashine za kufulia, na ndimi ninayeulizwa natafuta nini humo ndani.

Halafu kuna maua. Usiku, ukitazama upande wa ziwa, utaona baadhi ya mashamba yamewasha balbu ndani ya grinihausi, safu kwa safu. Maua yamelala kwenye mwanga uliopimwa kwa saa, na mwenye kuyachuma yuko ploti kwake anatafuta kiberiti. Kwa muda mrefu niliyaonea wivu maua hayo, mpaka dada wa chumba cha nne, ambaye ameyafanyia kazi miaka mingi, aliponiketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa akanieleza. Waridi halijali sana. Lakini lile ua dogo jeupe la kujazia shada, jipsofila, linataka siku ndefu, na siku zetu hapa karibu na ikweta ni saa kumi na mbili tu, hazirefuki hazipungui. Kwa hiyo usiku linawashiwa taa lidhani bado ni mchana.

"Ukilizimia mapema halifunguki," akasema. "Na kuna lile lingine, krisanthemumu. Hilo ukiliwashia usiku linakataa kabisa kutoa ua. Linaongeza majani tu."

Nikamwambia nina wanafunzi wa aina zote mbili.

"Na watu wako wa jukwaani," akauliza, "ukiwawashia wanafanya nini?"

Hilo ndilo swali. Sijawahi kuulizwa na mkuu yeyote wa idara. Nikachukua simu yangu, nikawasha tochi, nikaiweka chini ya kidevu chake. Mwanawe akapiga mayowe. Nikaipeleka nyuma ya kichwa. Uso ukazama, ukabaki ukingo wa nywele na masikio, na yule mtoto akasema mama amekasirika. Nikaipeleka kando, usawa wa shavu, na mtoto akamsogelea. Mama hakuwa amebadilisha chochote usoni. Dada akacheka, akasema, "Ah, kumbe ni kazi kama yetu, tofauti ni kwamba wenu hawaendi Uholanzi." Wako wachache sana waliowahi kuielewa taaluma yangu haraka hivyo, na yeye alikuwa bado na gamubuti miguuni.

Chuo ninachofundisha sitakitaja jina, maana kinanidai kitabu kimoja cha maktaba, nami nakidai malipo ya mihula. Mimi ni mhadhiri wa muda. Yaani nimewashwa, lakini kwa asilimia 30. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma walipogoma wiki saba kudai pesa za mkataba wao wa 2021 hadi 2025, nchi nzima ilisikia. Mhadhiri wa muda akigoma, anayegundua ni mwenye ploti wake.

Somo langu lipo kwenye ratiba, wanafunzi wapo, mtihani upo. Taa ndizo hazipo. Mashine ya kupunguza na kuongeza mwanga, dima, ipo lakini imefungiwa stoo, na mwenye ufunguo yuko likizo. Nilipoanza kazi alikuwa likizo, na kwa heshima ya marehemu watarajiwa sote sipendi kuuliza zaidi. Ukumbi wenyewe una mirija mirefu ya taa nyeupe, ile ya hospitali, na hugeuzwa chumba cha mtihani, cha mazishi, cha uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi na cha kupima shinikizo la damu. Basi tunafundishana kwa tochi za simu na karatasi za peremende. Karatasi nyekundu ya peremende si jeli ya kitaalamu, inayeyuka ukiisogeza karibu na taa ya kweli, lakini kwa tochi ya simu inatosha kumwonyesha mtu kwamba nyekundu juu ya kitenge cha kijani hugeuza kitenge kuwa cheusi.

Na hapo ndipo namlalamikia hata babu McCandless, Mungu amrehemu. Nyuso alizokuwa akizimulika kule Yale mwaka 1932 hazikuwa uso wa mwanafunzi wangu kutoka Lodwar. Ngozi nyeusi humeza mwanga mwingi na kurudisha kidogo. Ukiimulika kutoka mbele tu, kwa kufuata kitabu, unapata macho mawili na meno, kisha mwongozaji anakuambia uongeze taa, unaongeza, shati jeupe linaungua na uso uko pale pale. Dawa yake ni taa za ubavuni, zipite kwenye shavu na bega mpaka ngozi ing'ae yenyewe, pamoja na rangi ya kaharabu au zambarau hafifu. Kijani usikiguse, utamfanya bwana harusi aonekane ana malaria. Haya nayasema kwa nguvu darasani kwa sababu wanafunzi wangu wakitoka hapo huenda moja kwa moja barabara ya Luthuli, Nairobi, kununua taa za LED za bei ya kutupa, zenye buluu inayowafanya watu wote kuwa maiti wa heshima.

Mara moja kwa muhula nawaleta huku Karagita, pale ufuoni wavuvi wanapopakulia samaki, waandike jinsi mwanga unavyobadilika kuanzia saa kumi na mbili na robo jioni hadi saa moja. Vitabu tunavyosomea viliandikwa na watu ambao jioni yao ya kiangazi huchukua muda wa kula, kuosha vyombo na kugombana. Yetu haina subira. Jua likishazama nyuma ya Mau, kama dakika ishirini hivi umebaki na giza, na mwanafunzi anayetaka kuonyesha machweo ya Afrika kwa mwendo wa Ulaya anaonyesha nchi ya watu wengine. Zoezi ni zuri. Dosari yake ni viboko, ambao nao saa hiyo hutoka ziwani kwenda kula nyasi. Madaftari ya darasa zima huanza vizuri, rangi ya chungwa juu ya maji, milima inageuka samawati, kisha sentensi inakatika katikati.

Kwa kuwa chuo hakilipi, na tumbo halina mihula, pesa yangu ya kweli hutoka kwenye vitabu vya kutahiniwa. Kikundi cha waigizaji kinapakia mavazi kwenye matatu, kinazunguka shule za upili kikiigiza tamthilia ambayo watahiniwa wataulizwa. Miaka hii ni Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Wanafunzi wanalipa, walimu wanakaa mbele, kila mtu anafurahi isipokuwa mtu wa taa. Ukumbi ni bwalo la chakula lenye harufu ya githeri ya jana. Saa ni nne asubuhi. Madirisha ni mapana, hayana pazia, na jua la Naivasha, mita karibu 1,900 juu ya usawa wa bahari, linaingia bila kubisha.

"Mwalimu," mwongozaji ananiambia, "hapa ni usiku wa manane."

Usiku wa manane! Jua la wazi ni kama laksi 100,000. Jukwaa langu zima, nikiwa nimebahatika na kila taa inawaka, halifikishi hata 2,000. Ninachoweza kufanya ni kumwomba mwigizaji apige miayo.

Shule nyingine hujitolea kuziba madirisha kwa blanketi za bweni. Hapo huwa tunakosana, kwa sababu mahali pa pekee pa kusimamisha stendi zangu huwa ni kando ya hayo madirisha, na taa ya wati elfu moja iliyo karibu na blanketi mimi siiwashi, hata aje waziri. Desemba 1903, katika ukumbi wa Iroquois mjini Chicago, taa moja ya jukwaa ilitoa cheche zikashika pazia, na watu zaidi ya 600 wakafa mchana kweupe wakitazama mchezo wa kuchekesha. Nilimsimulia hayo mwalimu mkuu mmoja, kwa kirefu, nikitarajia ashtuke.

"Pole sana kwao," akasema. "Lakini hapa ni Naivasha, na wazazi wamelipa."

Msidhani ni shule pekee. Tamasha la kitaifa la maigizo la shule na vyuo lina umri wa miaka zaidi ya sitini, ndilo lililozaa nusu ya waigizaji unaowaona kwenye runinga, na washindi wake hupelekwa kumwigizia Rais kwenye nyasi za Ikulu. Kwenye nyasi. Mchana. Vijana wangu wamefanya kazi mwaka mzima wakijifunza kuleta giza kwa sekunde nane, na siku ya kilele wanawekwa chini ya anga tupu.

Nikielekea Nairobi huwa napita Limuru, na kila nikiikaribia nawaza Kamiriithu, ule ukumbi usio na paa ambao wanakijiji walijijengea mwaka 1977 kuigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali iliupiga marufuku mchezo Novemba mwaka huo huo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Wenzangu wa fasihi wakifika hapo huvua kofia na kuwaza ukombozi. Mimi pia huvua kofia, halafu mawazo ya kazi yananiponyoka: bila paa, taa wangeninginiza wapi? Nadhani ndiyo maana sialikwi kwenye makongamano.

Mwajiri pekee huku kwetu anayependa mwanga kwa moyo wote ni kanisa. Ma-DJ wa msimu wa Safari Rally, tangu ilipohamia huku Naivasha mwaka 2021, wanapenda taa zinazozunguka na kupiga macho, hiyo ni kelele tu. Pasta yeye anataka maana. Ana kanisa la mabati umbali mfupi kutoka ploti yetu, na juzi alinifuata mwenyewe, na suti.

"Mtumishi," akasema, maana kwake mimi si fundi wala mwalimu, "nataka nikifika pale pa mbingu kufunguka, ifunguke."

Nilitaka kumkumbatia. Tukaingia kanisani, nikapima kwa hatua, nikamwonyesha: mbili za kaharabu kutoka ubavuni kwa ajili ya uso wake, mbili hafifu kwa kwaya, mbili kutoka nyuma ya madhabahu, za juu, zije polepole, zichukue sekunde arobaini mtu asijue zilianza lini. Jumla taa sita. Pasta alikuwa amefumba macho, anaiona.

"Stima mnatoa wapi?" nikauliza.

Akafumbua macho. Wana jenereta ya kilowati tatu, na spika na kinanda vinakula kama moja. Taa zangu sita ni kilowati sita. Nikamwandikia hesabu nyuma ya bahasha ya sadaka. Akaitazama, akaniambia nisiwe mtu wa imani haba. Nikamwambia jenereta nayo ibatizwe basi tuone. Tukajadiliana mpaka mkewe akaleta chai, na mwishowe tukaelewana hivi: ibada nzima itaendeshwa kwa taa mbili na spika. Akikaribia mbingu, mpiga kinanda ataondoa mkono, spika zitazimwa, nami nitaleta ya tatu, ile ya nyuma, taratibu. Kwaya itaendelea kwa kayamba na ngoma, ambazo hazijawahi kuhitaji tokeni.

"Na moshi?" akauliza pasta. Alikuwa ameona kwenye runinga. "Mashine ya moshi inakula ngapi?"

"Ndogo kabisa, kama wati mia nne. Hazipo."

Akafikiri. Akaita shemasi. Wakanong'ona. Uamuzi ni kwamba shemasi atasimama nje ya dirisha la nyuma na jiko la makaa na majani mabichi, na nitampungia mkono wakati ukifika. Nimekubali, kwa sharti moja tu, kwamba mahubiri yaishe kabla ya saa saba. Upepo wa ziwani ukianza, moshi wote utaingia kanisa la jirani, na wale hawakuchangia jenereta.